HiAce ya 2008 yenye kilomita 98,000?

Kaka, gari la mizigo la zaidi ya miaka 15 kusoma 98,000 maana yake halikufikisha hata kilomita 7,000 kwa mwaka. Inawezekana, lakini mimi ningeanza na shaka kwamba kilomita zimerudishwa nyuma. Muombe muuzaji cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, huwa kinaandikwa kilomita za ukaguzi. Akisema kimepotea, sahau dashibodi na soma gari lenyewe: mpira wa pedeli ya breki umelika? Usukani unang'aa? Kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango? Hivyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta (ingawa vinabadilishwa, kwa hiyo pedeli mpya kabisa nayo ni dalili).

Nenda asubuhi, ukute injini ya baridi. Ikishawaka fungua kifuniko cha oili. Moshi ukipuliza kwa nguvu, huenda ringi za pistoni zimechoka. Dizeli? Fundi apime nozeli (zinazopulizia mafuta ndani ya injini) kabla hujalipa, bei yake inauma.

Halafu lala chini uangalie chesisi na springi za nyuma. Bora kilomita 250,000 zenye risiti za sevisi kuliko 98,000 na kutu iliyopakwa rangi nyeusi juzi.