Mbweha Redd na Sanaa Zake Feki: Majibu kwa Wachezaji wa Animal Crossing

Safari hii karibu maswali yote yamemwangukia Redd, yule mbweha wa gemu la Animal Crossing: New Horizons, ambamo kila mchezaji hujenga kisiwa chake, anayeuza michoro na sanamu, nyingine halisi, nyingine feki. Nimechagua manne yanayowagusa wengi.

Nina kisiwa muda mrefu, lakini Redd sijawahi kumwona. Tatizo nini? (Msomaji, Tanga)

Gemu lilipotoka Machi 2020 Redd hakuwemo. Aliingia na sasisho la mwezi uliofuata, kwa hiyo hakikisha lako limesasishwa. Kisha angalia makumbusho yako: mpaka uwe umemkabidhi bundi Blathers wadudu, samaki na visukuku, jumla 60, suala la sanaa halianzi. Siku ya kwanza utamkuta Redd anazurura kisiwani. Atakutajia bei ya kengele (pesa za gemu) 498,000, halafu atashuka hadi 4,980. Lipa bila wasiwasi, maana mchoro huo wa kwanza huwa halisi. Baadaye boti yake itakuwa inatia nanga kwenye ule ufuo mdogo wa kaskazini, ambako wengi hawafiki.

Nitajuaje kazi ni feki kabla sijatoa pesa? (Msomaji, Mombasa)

Botini mna giza, na ukinunua kwa kutupia jicho tu utauziwa mbuzi kwenye gunia. Chagua kuitazama kwa karibu, ivute ijae kwenye skrini, halafu tafuta picha ya kazi yenyewe kwenye simu yako uzilinganishe. Kazi hizi zipo kweli duniani, na kwenye feki watengenezaji wamebadilisha jambo dogo. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika gemu hili: humshindi Redd mpaka uwe umewatazama wachoraji kama Vermeer au Leonardo kwa makini.

Anza na nyuso. Mona Lisa wa Leonardo hana nyusi zinazoonekana; wa Redd anazo, tena amezipandisha. Mwigizaji wa Kijapani aliyechorwa na Sharaku ana nyusi za ukali, lakini kwenye feki zimeshuka kwa huzuni. Kile kichwa kikubwa cha jiwe cha Waolmeki, watu wa kale wa Meksiko, kikikutabasamia, kiache.

Halafu tazama walichovaa na walichoshika. Binti wa Vermeer ana hereni ya lulu. Ukiona hereni ya nyota, ondoka. Sanamu ya Venus de Milo haina mkufu. Mrusha kisahani wa Kigiriki havai saa ya mkononi. Daudi wa Michelangelo habebi kitabu, na askari wa udongo wa China hashiki koleo. Mtu wa Vitruvius, ule mchoro wa Leonardo wa mwanamume ndani ya duara na mraba, akiwa na doa la kahawa pembeni juu kulia, ni feki.

Zinazowanasa watu ni zile zilizopunguzwa kitu, kwa sababu jicho huona upesi kilichoongezwa kuliko kilichoondolewa. Kwenye Night Watch ya Rembrandt, mwanamume wa katikati amevuliwa kofia. Kwenye Wawindaji Thelujini ya Bruegel, wawindaji na mbwa wamepungua. Hizo zihesabu kichwa kwa kichwa.

Ziko pia kazi ambazo Redd hana feki zake: Alizeti na Usiku wa Nyota za Van Gogh, wimbi kubwa la Hokusai, waokota masazo wa Millet, na sanamu ya Rodin ya mtu anayewaza. Ukikutana nazo, nunua.

Je, wanaoghushi sanaa kwelikweli huacha alama za wazi namna hii? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, na swali lako limenifurahisha. Mfano mzuri ni Mholanzi Han van Meegeren. Yeye hakunakili picha ya Vermeer iliyokuwepo. Alichora mpya kabisa kwa jina la Vermeer, kwa hiyo hapakuwa na picha halisi ya kulinganisha nayo. Mwaka 1937 mtaalamu aliyeheshimika, Abraham Bredius, aliisifu mojawapo kuwa kazi bora ya Vermeer. Van Meegeren alichanganya rangi na bakelaiti, aina ya plastiki, kisha akaoka turubai, ili rangi iwe ngumu kama ya kale. Alikamatwa 1945 kwa sababu "Vermeer" mmoja aliyemuuza alifika mikononi mwa Göring, mmoja wa viongozi wa Wanazi. Ili asihukumiwe kwa kumuuzia adui hazina ya taifa, ilimbidi akiri kwamba aliichora mwenyewe, na akachora nyingine mbele ya mashahidi. Uchunguzi wa kemia ulithibitisha maneno yake. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja mwaka 1947, akafariki kabla ya kukitumikia.

Nimeshanunua feki, na siku hiyohiyo niliona nyingine halisi mle botini. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Feki Blathers haipokei, na dukani kwa Timmy na Tommy hawainunui. Unaweza kuitupa, ila mimi ningeitundika nyumbani. Ikiwa ni yule binti wa hereni ya nyota, mtazame usiku, hufumba macho. Kuhusu ile halisi, mle botini Redd humuuzia kila mtu kazi moja tu kwa siku. Mwalike rafiki kisiwani kwako aichukue yeye, kisha akutumie. Blathers hupokea sanaa halisi hata kama hukuinunua wewe.