Parapanda ililia, yeye akakataa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni filamu gani isiyojulikana sana ambayo tukiikumbuka bado inatukosesha usingizi. Yangu ni The Rapture ya mwaka 1991, iliyoandikwa na kuongozwa na Michael Tolkin.

Sharon, anayeigizwa na Mimi Rogers, ni opereta wa simu Los Angeles. Kutwa anawatajia namba watu asiowajua, usiku analala na watu asiowajua. Siku moja anaokoka. Filamu haimcheki kwa hilo, na hapo ndipo iliponinasa: anaolewa, anapata binti, Mary, na raha yake ni ya kweli. Kisha mumewe anapigwa risasi kazini na mfanyakazi ambaye mume huyo alikuwa amemwachisha kazi.

Sharon sasa anaona ishara za kumwita jangwani, akamngoje Bwana huko na mtoto. Hakuna mhubiri anayewachunga wala uzio. Kuna gari, jua, na chakula kinachopungua. Askari mmoja asiye na dini, Foster, anapita kuwajulia hali. Mary ana njaa, anamlilia baba yake, anauliza kwa nini wasife tu wakamfuata. Mwishowe mama anampiga risasi. Yeye mwenyewe hajiui, maana anaamini anayejiua haioni mbingu. Hesabu ile, inayopigwa kwa utulivu kabisa, ilinitisha kuliko shetani yeyote wa sinema. Na tangu Shakahola, ule msitu wa Kenya ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili ya waumini waliofunga hadi kufa wakamwone Yesu, siwezi tena kusema hayo ni mambo ya Wamarekani.

Nilidhani mwisho naujua: atagundua alidanganywa. Wapi! Parapanda inalia kweli, nondo za mahabusu alimofungiwa zinaanguka, wapanda farasi wanatokea (kwa ufundi wa kuungaunga, nakiri, hata nilicheka). Foster anatamka kwamba anampenda Mungu, anavuka kwenda mbinguni. Mary anamsihi mama yake aseme hivyo hivyo, maneno mawili tu. Sharon hataki. Hawezi kumpenda aliyemwacha amuue mwanawe. Anabaki gizani peke yake, na mtoto anapomuuliza kama anajua atakaa hapo muda gani, anajibu: milele.

Shemeji yangu, mwanakwaya, tuliitazama naye Pasaka. Anasema yule mwanamke ana kiburi tu. Mimi nasema mle ndani hakuna mwingine aliyekataa kusema uongo ili afunguliwe mlango. Hadi leo tukikutana mezani tunaanzia hapo, na dada yangu ameshatukataza.