Fundi, fundo na funza: je, ni ukoo mmoja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nasomea ualimu. Katika kamusi ya zamani aliyoniachia babu nimekuta fundi, fundo, funda, funza na fundisha yakifuatana. Mwenzangu anashikilia kwamba yote yametokana na kitenzi kimoja, kwa kuwa herufi ni zilezile. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amepata nusu.

Anza na kitenzi funda, maana yake kumpa mtu mafunzo na adabu. Siku hizi shuleni tunasema fundisha, lakini funda hakijafa. Mwari hafundishwi, hufundwa: anawekwa ndani na somo au kungwi wake, anaelezwa mambo ya utu uzima, na akitoka watu wanamtazama anavyoamkia wakubwa. Ndiyo maana pwani ukiambiwa "huyu hakufundwa", maneno hayo yanamfika na mama yako. "Hakufundishwa" hayana uchungu huo. Huenda ni hesabu tu hukufundishwa. Naipenda sana tofauti hii, na ninasikitika kuona vijana wengi wakiipoteza.

Kutoka funda tunapata funza, kwa d kugeuka z, kama linda inavyozaa mlinzi na penda ikazaa mpenzi. Humo ndimo walimotoka mwanafunzi, mafunzo na mkufunzi. Huyu wa mwisho amebeba ku- ya kitenzi tumboni, sawa na mkulima. Fundi naye namweka ukoo huu kwa maana, kwa sababu ni mtu aliyefundwa kazi na anayeweza kumfunda mwingine, ingawa d yake imebaki palepale, kama ya mshindi.

Sasa fundo. Hili lina watoto wake: fundika ni kupiga fundo, fundua ni kulifungua. Tazama hapo kwa makini. Kama fundo lingetokana na funda ya mafunzo, fundua ingekuwa kumwondolea mtu alichojifunza, na hakuna Mswahili anayesema hivyo. Kifundo cha mguu kiko huku, na fundo la moyoni, lile la kinyongo, pia liko huku.

Funda la maji, yaani maji yanayojaa mdomo unaposukutua, ni nomino inayojitegemea: funda hili, mafunda haya. Na funza mdudu, yule wa kwenye nyama iliyooza au wa kuingia vidoleni, hana udugu wowote na "asiyefunzwa na mamaye". Sauti zimekutana tu.

Mpangilio wa kamusi nao huchangia kuchanganya. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Johnson ya mwaka 1939 huyakusanya maneno mengi chini ya kitenzi mama, kwa hiyo jamaa hukaa pamoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka 1981, hufuata herufi ya kwanza ya neno lenyewe, hivyo mwanafunzi unamkuta kwenye M, mbali na funza aliyemzaa, huku funza mdudu amekaa jirani na funza kitenzi.

Mkibishana tena, mwombe mwenzako akunyambulie kila neno: fundwa, fundisha, funzwa upande mmoja; fundika, fundua upande wa pili. Kisha muulize funza mdudu ananyambulikaje.