Mleta mada, fungia zile tokeni kabla hujatoa hata shilingi

Salamu za mbukwenyi za Kigogo zitasubiri. Futa ile sentensi yako ya tatu kabla mbia wako hajaiamini: "Tukinunua kampuni yao, tokeni milioni 30 zilizo kwenye pochi ya kampuni zinakuwa zetu, kwa hiyo kura ni zetu." Kwa wanaoingia sasa: jamaa na wenzake hapo Dodoma wana mtandao wao wa blokicheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi), wanataka kununua mradi wa stakabadhi za ghala za mahindi na alizeti wenye mnyororo wake, yaani blokicheni yake, na tokeni milioni 100 (sarafu zake za kidijitali, ambazo pia ndizo kura). Ameuliza bei, uwiano wa kubadilisha tokeni, wafanyakazi na jina jipya.

Mkuu, ukinunua kampuni unapata hisa zilizosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), mikataba, kompyuta na funguo za pochi. Mtandao haumo. Ukinunua shamba la zabibu Hombolo, mizabibu haiamki usiku ikahamia kwa jirani. Watu wa mtandao wanahama, tena na salio zao zote, kwa sababu programu ni huria na daftari kila mmoja ana nakala yake.

Mtandao wa Steem ulikwenda hivyo. Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa Tron, alinunua Steemit Inc., kampuni iliyoanzisha mtandao huo. Ndani yake mlikuwa na rundo la STEEM, tokeni ya mtandao huo, lililochimbwa (yaani kuzalishwa) siku za mwanzo kabisa, ambalo kampuni iliahidi kwa miaka kwamba ni la kuendeleza mtandao. Wathibitishaji, yaani wanaoendesha kompyuta zinazohakiki miamala, walipoona rundo limebadilisha mikono, wakasasisha programu wakaligandisha. Machi 2 likaja jibu la upande wa Sun: masoko makubwa ya sarafu yakapiga kura kwa amana za wateja wao, na wathibitishaji 20 wa juu wakang'olewa. Liliwezekana kwa sababu kila akaunti ya Steem huchagua hadi wathibitishaji 30 na viti vya juu ni 20, hivyo mwenye mzigo mkubwa anajaza viti vyote peke yake. Halafu tokeni ikishafungiwa ili ipige kura, kuitoa yote huchukua wiki 13, na wateja wa masoko wakaanza kuuliza hela zao ziko wapi. Machi 20 jamii ikanakili mnyororo, ikauita Hive, ikawapa karibu watu wote salio lao, lile rundo likaachwa nje. Mnunuzi akabaki na ufunguo wa nyumba ambayo wapangaji wengi wameshatoka.

Sasa hesabu yako. Umesema tokeni zilizowekwa dhamana (zilizofungwa ili zihesabiwe kwenye kura) ni milioni 55, zikiwemo hizo 30 za kampuni. Hiyo ni asilimia 54.5. Mnyororo wa aina ya Tendermint (programu ya kuwakubalianisha wathibitishaji), kama ni huo wanaotumia, unataka zaidi ya theluthi mbili ili bloku, yaani ukurasa mpya wa daftari, ipite, kwa hiyo hufiki. Lakini umevuka theluthi moja, maana yake ukizima mashine zako mtandao mzima unasimama. Umelipa hela nyingi ununue swichi ya kuzima taa, na kila mthibitishaji anajua swichi iko mkononi mwa nani. Unadhani atakaa?

Mshauri mmoja wa tai nyekundu aliyewahi kutuimbia kwamba "kura hufuata umiliki" hakuwahi kuendesha nodi (kompyuta ya mtandao) hata moja. Ada yake alichukua kwanza, taslimu. Mimi nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema, kwa hiyo mnicheke kidogo, msimalize.

Fanya hivi. Toa orodha ya pochi zote tangu bloku ya kwanza, uzigawe: waanzilishi, kampuni, mfuko wa jamii, masoko, watumiaji. Soma kila ahadi waliyoandika kuhusu tokeni za kampuni, hata ya miaka mitano nyuma. Kwa watu wao, ahadi hiyo unairithi. Kisha milioni 30 ziingie kwenye mkataba-programu (programu inayojitekeleza yenyewe kwenye mnyororo) usioruhusu kura wala kukabidhi kura kwa mwingine, na ufunguliwe kwa uamuzi wa wenye tokeni wao tu. Wapige kura ya kukubali ununuzi bila hizo milioni 30 kuhesabiwa. Malipo yakae kwenye pochi inayofunguka kwa sahihi 3 kati ya 5: mbili zenu, mbili zao, moja ya mtu asiye na upande. Asilimia 20 itoke mkisaini, iliyobaki kura ikipita na funguo zikibadilishwa.

Nimesema zikibadilishwa, sijasema zikikabidhiwa. Aliyewahi kuona yale maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi anaweza kuwa na nakala chini ya godoro. Fungua anwani mpya, hamishia huko tokeni na mamlaka ya kusasisha programu, ndipo ulipe.

Uwiano: tumia wastani wa bei wa siku 30 kabla habari haijavuja, kwa sababu siku ya tangazo bei inaruka. Mtandao wa Polygon ulipochukua mradi wa Hermez mwaka 2021 ulitenga milioni 250 za tokeni yake, MATIC, na kila HEZ, tokeni ya Hermez, ikapata MATIC 3.5, uwiano mmoja ukatangazwa. Asiyetaka apewe mlango wa kutokea. Pia andikeni nani anabeba hasara ya kasoro za zamani kwenye programu: miradi ya fedha za blokicheni ya Fei na Rari iliungana Desemba 2021, Aprili 2022 mabwawa ya mikopo ya Rari yakaibiwa takribani dola milioni 80, na kura za nani alipe zikavutana kwa miezi.

Kodi: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Muulize mhasibu kama kubadilisha tokeni kwa tokeni kunaingia humo.

Wafanyakazi na jina jipya, wengine watakujibu. Mimi niwekee hapa orodha ya anwani zao 20 kubwa za pochi, uniambie zipi ziliwahi kupiga kura.