Mdoli Muuaji Anatembeaje?

SWALI: Mzee wa Sinema, Krismasi tulionyeshwa kwenye kibanda cha video filamu ya mdoli aliyelaaniwa, anaua ukoo mzima kando ya mti wa sikukuu. VJ, yule msimulizi wa kibandani, alitafsiri kwa Kiganda huku akicheka, lakini binti yangu sasa halali. Kale kadoli kanatembeaje? – Mama Aisha, Busia

JIBU: Pole, Mama Aisha. Kwenye filamu ya pesa kidogo mdoli hatembei kabisa. Unaonyeshwa mlango, kisha uso wa mtu anayepiga kelele, kisha mdoli kashasimama pengine. Ujanja huo ni wa kukata picha tu. Kamera ikikimbia chini sakafuni, wewe mwenyewe unajazia miguu. Na ukiona mkono wenye kisu peke yake, ujue kuna kijana kajilaza chini, nje ya picha, anaushika. Chucky, mdoli muuaji wa filamu ya Child's Play ya mwaka 1988, alikuwa na fedha: mitambo ya kuchezesha uso, na mwigizaji mfupi, Ed Gale, kwa baadhi ya matukio.

Chukua simu, Mama. Rekodi mdoli wa binti, simamisha kurekodi, mwache binti amsogeze mwenyewe, rekodi tena. Atacheka. Huyo VJ wenu anayechekelea bibi akichinjwa, mimi ningemdai shilingi zangu.