Mraba wa sentimita 10 unatoka 9.4: patani kuchapwa ndogo kwenye Ubuntu

Dada wa Ngamiani, Tanga, umesema unachapa patani za magauni kutoka kwenye PDF, kompyuta ni ya Ubuntu, karatasi ni A4, na mraba wa kupimia ulioandikwa sentimita 10 unatoka 9.4. Basi kifua cha sentimita 100 kinageuka 94 na nguo lazima ibane. Aliyekushauri uandike asilimia 106 kwenye dirisha la kuchapa alikutakia mema, lakini usifanye hivyo. Kingo zitakatwa, na ukibadilisha printa au programu hesabu inaharibika tena. Mtafute anayepunguza umzuie.

Wanaoweza kupunguza ni watatu: programu uliyofungulia faili, foleni ya CUPS (mfumo wa Ubuntu unaopeleka kazi kwenye printa), na printa yenyewe. Hiyo 9.4 tayari inaelekeza pa kutazama. A4 ina urefu wa milimita 297, Letter ya Wamarekani ina 279.4. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata 0.941. Huenda kuna mahali kompyuta inaamini kwamba trei ina Letter, ndiyo maana inaubana ukurasa wa A4 uingie humo. Ila kuna mshukiwa wa pili. Printa isiyoweza kuweka wino kwenye milimita 6 za kila ukingo inabakiwa na upana wa milimita 198 kati ya 210, na programu ikibana ukurasa uingie humo utapata 0.943. Kwa rula ya kawaida huwezi kuzitofautisha. Ingekuwa 9.6, ningesema moja kwa moja ni pambizo za milimita 4 hivi. Ingekuwa 9.7, ningeshuku faili lenyewe ni la Letter linabanwa liingie A4.

Kwa hiyo fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, uanze na faili:

pdfinfo patani.pdf

Amri hii inatoka kwenye kifurushi cha poppler-utils. Kwenye "Page size" ukiona 595 x 842 ni A4, ukiona 612 x 792 ni Letter. Patani nyingi za kununua mtandaoni huja za aina zote mbili, chukua ya A4.

Kisha iruke programu ya kusomea, upeleke faili moja kwa moja kwenye foleni. Jina la printa utalipata kwa lpstat -p. Chapa ukurasa wenye mraba peke yake, tuseme ni wa 1, usimalize karatasi:

lp -d JINA -P 1 -o media=A4 -o print-scaling=none patani.pdf

Pima upana na urefu, vyote viwili. Ukipata 10 kamili, CUPS na printa hazina kosa ukizipa maelekezo sahihi, kilichobaki ni programu au chaguo-msingi, yaani mipangilio inayotumika usipochagua kitu. Kwenye kisomaji cha PDF cha Ubuntu, dirisha la kuchapa lina kichupo cha "Page Handling". Hapo "Page Scaling" iwe "None", na kwenye "Page Setup" karatasi iwe A4. Okular nayo ina "Scale mode" kwenye chaguo za PDF, weka "None". Usichapie patani kwenye kivinjari, maana mara nyingi chenyewe huchagua kubana ukurasa.

Hapa kwenye chaguo-msingi ndipo watu hukwama sana. Angalia:

lpoptions -p JINA -l | grep -i pagesize

Nyota imekaa ubavuni mwa ukubwa unaotumika. Ikiwa iko kwa Letter, ihamishe:

sudo lpadmin -p JINA -o PageSize=A4

Ukishafanya hivyo na bado inatoka Letter, fungua faili la .cups/lpoptions ndani ya folda yako ya nyumbani. Mipangilio ya mtumiaji hushinda ya mfumo mzima, kwa hiyo mstari mmoja wa zamani humo wenye PageSize=Letter unatosha kukusumbua. Ufute. Vilevile andika locale LC_PAPER. Majibu ya 279 na 216 yanaonyesha mfumo uliwekwa kwa Kiingereza cha Marekani, na kila programu mpya itaanza na Letter. Tengeneza hivi, kisha toka uingie tena:

sudo locale-gen en_GB.UTF-8
sudo update-locale LC_PAPER=en_GB.UTF-8
echo a4 | sudo tee /etc/papersize

Kama ile amri ya lp nayo imetoa 9.4, nenda kwenye menyu ya printa yenyewe, kwenye skrini yake ndogo. Printa nyingi zina mpangilio wa karatasi ya trei unaojitegemea, na baadhi zikiambiwa trei ina Letter hupunguza zenyewe hata kompyuta ikisema A4.

Tahadhari moja kuhusu -o scaling=100. Haimaanishi ukubwa halisi. Kwa picha za JPEG na PNG inamaanisha picha ijaze ukurasa wote. Ukiwa na patani ya picha tumia -o ppi=300, na badala ya 300 weka idadi ya nukta kwa inchi iliyotumika wakati wa kuskani.

Ukizima kupunguza, mistari iliyochorwa hadi ukingoni kabisa itakatwa. Printa haifiki huko. Patani iliyopangwa vizuri huacha nafasi ya sentimita 1 pande zote, isiyoacha itabidi ipangwe upya kwenye kurasa zenye pambizo.

Na upana ukiwa 10 kamili lakini urefu umepungua nusu milimita, usiendelee kuhangaika na mipangilio. Printa ya leza hupasha karatasi joto, na karatasi iliyonyonya unyevu wa Tanga husinyaa kidogo ikipita kwenye joto. Rimu iliyofunguliwa ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi zote za patani moja zichape kwa mkupuo, ili mistari ikutane unapoziunganisha.