Tochi na kilengeo cha bunduki: nilichojifunza kwa nguruwe wa Texas

Ilikuwa saa tano usiku, mwezi wa Agosti, kwenye bonde la mto Brazos, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Houston. Macho mawili yakanimeremetea kutoka kwenye nyasi, mita themanini hivi. Nikawasha tochi iliyofungwa kwenye bunduki, ile niliyoinunua mtandaoni kwa dola 45, boksi lake limeandikwa "lumeni 3000". Nyasi za miguuni mwangu zikawa kama mchana wa jua la utosi. Kule kwenye macho, kiza vilevile. Nukta nyekundu ya kilengeo ilikuwa imetulia katikati ya yale macho. Kidole sikukiingiza kwenye kifyatulio. Mwenye ranchi, mzee ambaye kwa siku nzima hazungumzi maneno kumi, akachomoa tochi yake ya mkononi, akamulika. Ndama wake.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Nunua taa."

Kwa kuwa kwenye grupu letu la WhatsApp hakuna wiki inayopita bila mtu kuuliza afunge nini kwenye bunduki yake, nimeona niandike mara moja, watu wasome. Ila kwanza sheria, kwa kifupi. Huku Texas nguruwe pori hawana msimu, na tangu Septemba 2019 huhitaji leseni ya uwindaji kuwapiga kwenye ardhi ya mtu binafsi aliyekuruhusu. Wamezidi mno; makadirio huwa karibu milioni 2.6, na wanafukua shamba usiku mmoja kama trekta limepita. Lakini ndugu yangu uliyekuja kwa viza ya muda, ya shule au ya kutembea, sheria ya shirikisho inakukataza hata kushika bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache. Ongea na mwanasheria kabla hujaalikwa na rafiki. Na haya ninayoyaeleza usiyabebe kwenda nyumbani: Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania una vibali vyake na masharti yake.

Sasa tochi. Mimi naanza na tochi kabla ya kilengeo, na najua wengi wanafanya kinyume kwa sababu kilengeo ndicho kinachopendeza kwenye picha.

Wauzaji wanapenda lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, bila kujali unaenda wapi. Kandela ndiyo ukali wa ule mwale wa katikati. Chukua ndoo ya maji: ukiimwaga sakafuni imelowesha chumba kizima; maji yaleyale ukiyapitisha kwenye mpira na kubana mdomo wake kwa kidole gumba, yanafika ng'ambo ya ua. Tochi yangu ya dola 45 ilikuwa inamwaga ndoo.

Kuna hesabu ndogo ambayo laiti ningeijua mapema. Chukua kandela, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hizo kandela), zidisha kwa mbili. Jibu ni mita ambazo mwanga utafika ukiwa umedhoofika hadi kulingana na mbalamwezi. Kandela 10,000 zinakupa mita 200. Kandela 40,000 zinakupa 400. Umeona? Ili kufika mara mbili ya umbali unahitaji kandela mara nne. Na mbalamwezi haitoshi kutofautisha nguruwe na ndama, kwa hiyo umbali wa kufanyia kazi kweli ni kama robo tu ya hiyo namba. Kwa mfano, Modlite, watengenezaji wa tochi za bunduki, wana kichwa cha tochi kinachoitwa OKW, lumeni 680 tu, lakini kandela 69,000. Kwenye boksi inaonekana tochi dhaifu. Kwenye uwanja wazi inamwacha mbali mwenye lumeni 3000.

Lakini usikimbilie kandela nyingi bila kufikiri. Kama bunduki yako ni ya kulindia nyumba, mwale mwembamba mkali ukigonga ukuta mweupe wa korido unakurudia machoni. Ndani ya nyumba mwanga uliotandaa ni mzuri. Kwenye ukungu hakuna tochi inayoshinda: matone yanaurudisha mwanga kwako kama taa za gari kwenye mlima wa Kitonga alfajiri. Siku kama hizo mimi hurudi kulala.

Betri: chagua tochi inayokula 18650, zile za kuchaji. Nilikuwa natumia CR123, za kutumia mara moja na kutupa, ndogo na nzuri, hukaa miaka kabatini, ila kwa mtu anayewinda kila wiki mbili zinamaliza pesa. Naweka CR123 mbili kwenye begi kama akiba, kwa kuwa tochi yangu inakubali zote. Soma maelekezo, maana si tochi zote zinazokubali. Na 18650 usiitupe mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Chuma kikigusa ncha zote mbili inaweza kuwaka moto ikiwa kwenye suruali yako.

Swichi. Nilianza na ile ya waya, kibonyezo kama kipande cha mkanda unachokibandika kwenye reli ya bunduki, pale vifaa vinapofungwa. Waya ulinasa kwenye mkanda wa bunduki, nikauchomoa bila kujua, na nilipohitaji mwanga nikabonyeza, kimya. Sasa natumia kitufe cha nyuma ya tochi chenyewe, na tochi nimeifunga upande wa kushoto juu kidogo, pale kidole gumba cha mkono wa kushoto kinapofikia bila kukitafuta. Ukiifunga chini au ubavuni mtutu unatupa kivuli upande wa pili. Si tatizo kubwa, ila ujue upande gani una kivuli chako. Isogeze mbele kadiri inavyowezekana, halafu kubali kwamba lenzi itashika masizi ya baruti. Huwa naifuta kwa kitambaa baada ya kila safari. Ukiiacha miezi, kandela zako ulizolipia zinabaki chini ya lile gamba jeusi.

Hapa nataka niwe mkali. Tochi ya bunduki si tochi ya kutafutia vitu. Kila unachokimulika nayo, umekielekezea mtutu. Yule ndama nilimwelekezea bunduki kabla sijajua ni nani. Angekuwa mtoto wa jirani? Kutafuta na kutambua ni kazi ya tochi ya mkononi au ya kichwani, au ya mtu mwingine anayekaa pembeni yako. Ya bunduki inawashwa ukishajua. Kama pesa inatosha tochi moja tu, nunua ya mkononi, na usubiri.

Kilengeo nacho kilinipa somo la ajabu. Nilinunua cha nukta nyekundu, kinachosifiwa na kila mtu. Dukani nikakiona kama nukta ya kalamu. Usiku nikaiona kama mkia wa koma, na ina vinukta vingine viwili pembeni. Nikakirudisha, nikapewa kingine, kilekile. Dada wa kwenye duka akanishauri nikipige picha kwa simu. Kwenye picha nukta ilikuwa duara safi. Ubovu ulikuwa machoni mwangu: astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho inayofanya nukta ya mwanga ionekane imetawanyika, ambayo sikuwa najua ninayo hadi nikiwa na miaka 39. Kwa hiyo kabla hujalaumu kiwanda, piga picha kwa simu, kisha nenda kapime macho.

Kwa macho kama yangu, kilengeo cha prizimu kimefaa zaidi, kwa sababu alama yake imechongwa kwenye kioo, haitegemei taa kuakisiwa. Hata betri ikifa alama inabaki, nyeusi. Hasara yake ni kwamba lazima uweke jicho mahali pake sawasawa, wakati nukta nyekundu inakusamehe hata ukiinamisha kichwa vibaya. Darubini zinazokuza kuanzia mara 1 hadi mara 6 ni nzuri kwa uwanja mpana, ila ni nzito, na usiku ukiikuza picha inafifia. Kwa nguruwe wa mita mia na kurudi nyuma, sioni haja.

Jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote: mwangaza wa nukta au alama uurekebishe ukiwa umewasha tochi. Ukiurekebisha gizani utaushusha hadi uone kidogo tu, na hiyo inapendeza. Halafu unawasha tochi, nyasi zinang'aa, na alama inayeyuka mbele ya macho yako. Nenda nyuma ya nyumba usiku, bunduki tupu, magazini imetolewa na chemba umeikagua mara mbili, elekeza mahali salama, washa, rekebisha, kumbuka umesimamia namba ngapi.

Kuseti shabaha, yaani kurekebisha kilengeo ili risasi ipige pale unapolenga: mimi na bunduki yangu ya risasi za .223 ninaseti kwa yadi 50; risasi inapanda kidogo na kurudi kwenye mstari karibu na yadi 200. Kumbuka kilengeo kiko juu ya mtutu kwa zaidi ya sentimita 6, hivyo ukipiga kitu kilicho hatua kumi mbele yako, risasi itaingia chini ya pale ulipolenga, kwa karibu urefu wa kidole gumba. Na kitu kinachoharibu shabaha za watu wengi si kilengeo, ni skurubu za kukifungia. Nunua spana ya kupimia nguvu, fuata namba ya mtengenezaji, kisha chora mstari mdogo kutoka kwenye skurubu hadi kwenye chuma. Mimi natumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyeupe. Mstari ukikatika, skurubu imezunguka, na hapo sipigi hata risasi moja kabla sijarudi uwanja wa shabaha.

Kule kwetu Mahenge, Tanzania, tulilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori tukiwa kwenye dungu, tukigonga madebe hadi asubuhi, na hao nguruwe walitusikiliza wakiendelea kula. Nilipomsimulia mzee wa ranchi alicheka mara ya kwanza tangu nimjue.

Kuhusu vifaa vya kuona joto, mnaniuliza sana. Mzee anacho kimoja, cha mkononi, si cha kufunga kwenye bunduki. Yeye anakaa juu ya gari na kuangalia, ananiambia "nane, upande wa mwerezi, hakuna ng'ombe." Ndipo ninapowasha.